Kiswahili cha Mbele ya Sheikh

Habari ilinikuta nikikanda unga wa chapati pale Vurra, mpakani na Kongo, Jumatano asubuhi, malori yamepanga foleni kutoka geti la forodha mpaka kwenye kona. Jirani yangu wa meza ya pili, mama muuza soda, alishusha simu sikioni akasema, "Sheikh wetu ametutoka." Sikuuliza sheikh yupi. Masheikh wako wengi Arua na Koboko, lakini ukisema sheikh wetu, ni yule mmoja. Niliendelea kukanda. Nilikanda mpaka unga ukakataa, na dereva mmoja aliyekuwa akingoja akaniambia, "Mama, hiyo chapati leo iko na shida." Nikamwambia akanywe chai kwa mama mkwe wake.

Wanaonijua watakwambia nina mdomo. Sawa, ninao. Lakini hasira ya asubuhi ile haikuwa ya yule dereva, maskini. Siku nne nyuma, Jumamosi, mke wa sheikh alinipigia simu kutoka hospitalini Koboko. "Mzee anakuita," akasema. "Anataka kukuomba msamaha. Njoo leo, mwanangu, hali yake si nzuri." Nikamjibu nina wateja wengi, nitakuja Ijumaa. Sikuwa na wateja. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nachambua mchele. Nilimngojesha kwa makusudi, mzee mgonjwa aliyenifundisha kusoma, na yeye akafa kabla ya Ijumaa kufika.

Kwetu Waislamu, dhambi uliyomkosea Mungu utaongea na Mungu mwenyewe, lakini haki ya mtu iko mikononi mwa yule uliyemkosea. Asipokusamehe, unaondoka nayo. Sheikh ndiye aliyenifundisha hayo, nikiwa na meno ya mbele yameng'oka. Kwa hiyo nilijua vizuri nilichokuwa nakwenda kufanya Koboko siku ile. Alikuwa anazikwa alasiri, na neno la kumfungulia lilikuwa kinywani mwangu. Sikujua kama nitalitoa.

Tulikwenda na mama muuza soda katika gari dogo la mpwa wake, tukapita Arua mjini kumchukua shangazi yake, kisha barabara ya Koboko. Njia nzima wale wawili walikuwa wanamsifu marehemu. Alivyowaamua watu wa kijiji cha Abuku waliotoleana mapanga, akakaa katikati ya shamba linalogombewa mpaka wakaona haya. Alivyokuwa akienda kwa baiskeli kumzika maskini asiye na ndugu. Mimi ningeweza kuwaongezea. Baba yangu alipokufa kwa ugonjwa ambao watu waliogopa hata kuingia nyumbani kwetu, sheikh alikunja mikono ya kanzu akamwosha peke yake, akatoka nje na kumwambia mama, "Amependeza." Mtu wa namna hiyo utamchukia vipi? Wallahi nilijaribu, na kila nikijaribu namwona ametoka kwenye ule mlango mikono inadondosha maji.

Niseme sasa alichonikosea, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka.

Sheikh alisoma pwani miaka mingi, na alirudi kwetu na Kiswahili kilichopigwa pasi. Sisi huku tunaongea cha kambi za askari na cha malori. Kila kitu kwetu ni iko: mutu iko, maji iko, shida iko. Yeye hakuvumilia. Chuoni, kwenye madrasa yake, ukisema "kitabu iko hapa" anakaa kimya, anakuangalia, mpaka useme "kitabu kiko hapa." Sokoni atamsimamia mwenye nyanya, amsahihishe, kisha anunue. Hata katekista wa Abuku alikuwa anamletea matangazo ya kanisa ayanyooshe kabla hayajasomwa. Basi watu wote tukawa na Viswahili viwili: cha nyumbani, na cha mbele ya sheikh. Ukimwona anakuja unabadilisha, kama mtu anavyovaa viatu akiona mgeni. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake bora. Alinisifu mbele ya wavulana, na sifa ile nilitembea nayo miaka yote, mtu mzima mwenye meza ya chai mpakani, bado naringa kwa ngeli.

Mume wangu hakuwa na ngeli hata moja. Mtoto wa askari, Mkakwa wa Koboko, alizaliwa kambini na kukulia juu ya malori. Alikuja mezani kwangu akasema, "Chai yako iko tamu, wewe mwenyewe iko kali. Mimi napenda zote." Nikamwambia aende zake. Akaenda, akarudi baada ya wiki, akasema maneno yaleyale, na mwaka haujaisha sheikh akatuozesha. Tuliishi vizuri. Nasema vizuri, sisemi kama malaika. Tuligombana mpaka majirani wakatoka na vigoda kusikiliza, na tukapatana.

Asubuhi moja tulipanga aende nami kwa lori lake Ariwara, ng'ambo ya Kongo, kumwona mama yake. Nilichelewa. Mimi ni mtu wa kuchelewa, nilirudi kuvaa kitenge kingine. Geti likafunguliwa, malori ya nyuma yakapiga honi, na yeye hakuweza kuziba njia. Akavuka. Nilipofika mezani simu ikalia, imeshika mnara wa Kongo, sauti inakatikakatika. Akasema, "Mimi naacha wewe hapo!" Nikasema, "Haloo? Unasema nini?" Akasema tena, kwa nguvu. Nikasema sisikii. Akasema mara ya tatu, anapiga kelele hadi nikaitoa simu sikioni, "Nasema, mimi naacha wewe hapo! Wewe nachelewa sana!" Kisha ikakatika.

Nilicheka. Yaani nilicheka mpaka nikakaa chini. Na Ijumaa yake, baada ya darasa la kina mama msikitini Arua, nikamsogelea sheikh kumchekesha. Hapo ndipo. Laiti ningeumwa na jino siku ile. Nilimsimulia jinsi nilivyochelewa na jinsi mume wangu alivyopiga simu kutoka Kongo, na kwa kuwa nilikuwa mbele ya sheikh, nilitumia Kiswahili cha mbele ya sheikh. Nikasema, "Basi akaniambia, nimekuacha! Mara tatu, Sheikh! Nimekuacha, nimekuacha, nimekuacha!"

Hakucheka.

Pwani neno lile halichezewi. Mume akimwambia mkewe "nimekuacha," amempa talaka; hakuna haja ya kumuuliza alikuwa na nia gani. Mimi nalijua hilo leo. Siku ile nilikuwa najua tu kwamba "mimi naacha wewe" ni Kiswahili kibovu, na kizuri chake ni "nimekuacha." Nilimnyoosha mume wangu kama katekista alivyonyooshewa matangazo. Sheikh akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Uapie." Nilishaanza kuogopa, lakini nikaweka mkono kwenye msahafu nikaapa kwamba mume wangu alisema nimekuacha, mara tatu. Kichwani mwangu ilikuwa kweli. Wallahi nilidhani ni kitu kilekile.

Mume wangu aliporudi aliitwa. Nilikaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nasikia kila kitu. Sheikh akamuuliza kwa Kiswahili chake safi, "Je, ulimwambia mkeo kwamba umemwacha?" Mume wangu akajibu, "Ndiyo, Sheikh. Mimi naacha yeye." "Mara ngapi?" "Mara tatu. Simu iko mbaya." "Kwa nini?" "Yeye nachelewa, Sheikh." Kisha nikamsikia mume wangu anasema kwa unyenyekevu, "Nakosa, Sheikh. Siku ingine mimi nangoja yeye." Alidhani ameitwa kugombezwa kwa kuniacha mpakani. Sheikh alidhani ni majuto ya mtu aliyetoa talaka kwa hasira. Alipoelezwa hukumu kwamba ni talaka tatu, mume wangu alicheka kwanza, cheko la mtu anayengoja wenzake nao wacheke. Halafu akanyamaza.

Nami nilinyamaza. Hili ndilo sijapata kumwambia mtu. Nilikuwa naweza kunyanyua pazia niseme, Sheikh, hakusema vile, ni mimi niliyenyoosha. Lakini nilikuwa nimeshaapa. Kusema hivyo ni kusema nimeshika msahafu nikaapa uongo, mimi mwanafunzi bora, mbele ya wazee wa msikiti. Nikajiambia kesho. Kesho nikajiambia Ijumaa. Nina ugonjwa wa Ijumaa.

Talaka tatu haina kurudiana, mpaka mwanamke aolewe na mwingine, ndoa ya kweli, nayo ivunjike yenyewe. Wapo waliotushauri tupange bwana wa wiki moja. Sheikh alikwisha sema hiyo ni laana, na mimi sikutaka mwanamume mwingine hata wa dakika moja. Mume wangu alimwendea sheikh mara mbili kumlilia. Alirudi vilevile. Basi akawa anakuja mezani kama mteja. Anakaa mwisho kabisa wa benchi. Namuuliza, "Ya rangi au ya maziwa?" kama sijui. Anajibu, "Maziwa." Anakunywa polepole, anainuka, anaondoka. Miaka mitano tuliishi hivyo, upana wa benchi katikati yetu, na hakuoa.

Miaka minne iliyopita lori lake lilishindwa breki kwenye mteremko ng'ambo ya Aru. Walimzika Ariwara siku ileile, kwa mama yake. Mimi nilimkimbilia sheikh nikamwambia, nataka kukaa eda. Nataka kuvaa nyeupe, nikae ndani miezi minne na siku kumi kama wajane wengine, watu waje wanipe pole. Akanijibu kwa upole, upole ule ndio uliouma, "Eda ni ya mke. Wewe si mke wake. Rudi kazini, umwombee dua." Nilirudi kazini. Kesho yake madereva waliomtoa kwenye vyuma walivuka mpaka wakaja kunywa chai kwangu, na wakasimulia mbele yangu alivyokuwa. Hakuna aliyenipa pole, kwa nini wanipe? Mmoja akasema, "Mama, ongeza sukari." Nikaongeza.

Tangu siku hiyo sikumwamkia sheikh tena. Alipohamia Koboko kwa uzee, sikwenda kumuaga. Hasira yote nilimtwika yeye, na ukitaka kujua ukweli, nilimtwika kwa sababu nusu yake ilikuwa yangu na sikuweza kuibeba. Alipoitisha msamaha kutoka kitandani, niliogopa kitu kimoja: kwamba ataniuliza tena, mumeo alisemaje hasa?

Tulifika Koboko saa nane. Barabara imefungwa kwa pikipiki. Turubai zimefungwa tangu ukuta wa msikiti mpaka kwa majirani, viti vya plastiki vimeisha, wanaume wamekaa juu ya matofali. Wakristo wa Abuku walikuwa wamekuja kwa lori moja, wamesimama pamoja, katekista wao mbele amevua kofia. Uani kwa wanawake tulikaa kwenye mikeka, hakuna anayepiga ukelele, maana marehemu alikataza ukelele maisha yake yote na watu walikuwa wanamwogopa bado. Walilia chini chini, mitandio mdomoni. Mama mmoja karibu yangu akasema, "Huyu mzee iko mutu ya Mungu kabisa." Mwenzake akamkanya, "Ala! Sema, alikuwa mtu wa Mungu. Hata leo unamtia aibu?" Wakacheka wote wawili, na cheko likageuka kilio pale pale. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilikuwa nautazama mlango.

Binti wa marehemu akatoka akaita jina langu. Wanawake wakageuka kunitazama. Nikavua viatu nikaingia.

Chumba kilinuka kafuri na udi. Alikuwa amekwisha oshwa na kuvishwa sanda, amelala kwenye kitanda cha kamba, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mkewe alikuwa amekaa chini kando yake, ameshavaa nyeupe. Binti akafunga mlango akabaki nje. Tulibaki watatu, kama marehemu anahesabika.

"Umekuja," mke wa sheikh akasema.

"Nimechelewa, Mama."

"Umechelewa." Hakulainisha. Akanyoosha mkono akanivuta nikae. "Nisikilize, hakuna muda, wanaume wako tayari. Nikwambie alichotaka kukwambia mwenyewe."

Akanieleza. Wiki iliyopita, hospitalini, alitaka kurudi nyumbani mara moja kupika uji. Alidhani mzee amelala. Akamwambia nesi, "Mimi naacha mzee hapa, narudi sasa hivi." Aliporudi na chupa ya uji akamkuta sheikh ana machozi hadi masikioni. Sheikh akamuuliza, "Umeniacha?"

"Nikamcheka," mke wa sheikh akasema. "Nikamwambia, mzee, na magoti haya, nikuache niende kuolewa wapi? Naacha wewe hapo kwa kitanda, nakwenda jikoni. Mbele yake sikuwa nasema hivyo, unajua, miaka arobaini nachunga ulimi. Siku ile ulitoka tu. Yeye akageukia ukuta. Hakunywa uji. Jioni ndipo akasema, 'Yule dereva. Yule dereva nilimuuliza kwa Kiswahili changu.'"

Nilishika mkeka.

"Akasema hivyo mpaka nikachoka kusikia. Akasema ningemuuliza kwa chake. Ningemuuliza tu, ulikuwa unataka nini? Akaniambia nikuite. Ulipokataa nilimdanganya kwamba uko njiani. Jumapili akauliza, Jumatatu akauliza. Mlango ukifunguliwa anainua kichwa. Jana usiku ndipo akaniambia, 'Kama hakufika, mwambie wewe. Mwambie hakuachwa. Mwambie mpaka siku ile lori lilipoanguka, alikuwa mke wake.'"

Sijui niliweka wapi uso wangu. Najua nilisikia honi ya pikipiki nje na mtu anaigombeza. Miaka tisa. Miaka mitano ya benchi lile, na nilikuwa na haki ya kusogea nikakaa karibu naye, nikamshika mkono mbele ya forodha nzima.

Mke wa sheikh akanishika bega. "Sasa sema umemsamehe. Sema nisikie, waje wamchukue. Usimwache aende hivi."

Nilifungua mdomo, na lililotoka silo. "Mama, hakusema nimekuacha."

"Najua. Ndiyo nakwambia—"

"Hujui. Mume wangu alisema kama ulivyosema wewe kwa nesi. Mimi naacha wewe hapo. Hivyo hivyo, hata hapo alisema. Mimi ndiye niliyembadilishia sheikh. Nilimnyooshea. Nilitaka aone nasema vizuri. Halafu nikaapia. Nilijua baadaye, nikanyamaza. Miaka yote nimenyamaza."

Aliondoa mkono wake begani mwangu. Sitasahau alivyonitazama yule mama, mimi ambaye jino langu la kwanza alilitupa yeye juu ya paa. "Kwa hiyo amekufa akililia kosa lako," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Siku nne. Kila mlango."

"Ndiyo, Mama."

Mlango ukagongwa. Sauti ya mwanamume ikauliza kwa adabu kama wanaweza kuingia. Mke wa sheikh akajibu, "Bado." Kisha akaniambia bila kunitazama, "Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Sanda ilikuwa imefungwa kichwani, hakuna uso wa kuongea nao. Nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno ya mume wangu, kama yalivyotoka kwenye simu, bila kuyagusa: mimi naacha wewe hapo, wewe nachelewa sana. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusema Kiswahili kibovu mbele ya sheikh, na nikajikuta nangoja. Nilikuwa nangoja anikazie macho, anyamaze, mpaka niseme sawasawa. Nilingoja kabisa, kama mjinga. Halafu nikamwambia nimekusamehe, nami unisamehe, lakini ile ya mume wangu siwezi kukusamehea, si yangu. Hiyo ni ya kwake, juu yako na juu yangu.

Wakaingia wanne, wakamweka kwenye jeneza, wakamfunika shuka ya kijani, wakatoka naye. Mke wake hakusimama. Nje kipaza sauti kikakwaruza, na imamu kijana akauliza kama kuna yeyote mwenye haki kwa marehemu, basi amsamehe kwa ajili ya Mungu. Watu wote wakajibu kwa pamoja, na Wakristo wa Abuku nao nikawasikia ndani yake, "Tumemsamehe!" Sauti ile ilitikisa mabati. Kisha zikaanza hatua, hatua nyingi sana, zikienda mbali kuelekea makaburini, na uani wakabaki wanawake.

Nilitaka kuondoka. Nilitafuta mtandio wangu, nikasema, "Mama, nakwenda." Nilipofika mlangoni nikasikia amesema, "Ulikaa eda ya mumeo?"

"Nilikatazwa."

"Ilishapita siku nyingi. Eda inahesabiwa tangu mtu afe, hata kama mke hakujua." Alikuwa anazungumza na ukuta, sauti kavu, kama mtu anayemsomea mwingine karatasi. "Huna tena ya kukaa."

"Najua, Mama."

Kisha akasogea, akaacha nafasi kwenye mkeka, upande wa ukutani. Hakunipa mkono, hakunitazama. Mpaka leo hajaniambia kama amenisamehe, na simuulizi. Alisogea tu. Nikarudi nikakaa.

Ndipo nililia. Mama muuza soda alirudi Vurra bila mimi, akafunga meza yangu. Mimi nilibaki katika kile chumba siku tatu za matanga, nikilia kilio ambacho sijui kilikuwa kimejificha wapi mwilini. Nilimlilia mume wangu kwa sauti, na ingawa nilikuwa ndani ya nyumba ya sheikh, hakuna aliyenikataza. Kina mama walikuja kutoka Arua, kutoka Abuku, hata kutoka ng'ambo ya Kongo. Wanaingia, wanampa mkono mjane, kisha wananiinamia mimi pembeni yake, wananishika kichwa, wananiambia, "Pole, pole sana, umempoteza." Mjane alikuwa anasikia, na hakusema neno. Nikawajibu wote asante, mmoja mmoja, nikaipokea pole ya mume wangu.